Je, Wajua? Mlango wa haki na hesabu ya siku, Ngara na Biharamulo

Mezani kwa wakili wa wilayani hakukosekani faili la shamba, faili la mirathi, faili la fidia na faili la mtu aliyegongwa na lori. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, ina nikeli ardhini na malori barabarani. Biharamulo ina dhahabu, mashamba na hifadhi ya wanyama. Sheria huko si jambo la mjini. Na wengi wanaoshindwa, haki wanakuwa nayo. Kinachowaponza ni kubisha hodi mlango usiohusika, au kufika siku zimekwisha.

ARDHI

Je, wajua kwamba baraza la kata halitoi tena hukumu ya shamba? Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti cha kushindwa usuluhishi, nawe unaenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua lalamiko bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti. Anayekuambia "subiri, baraza litakaa msimu ujao" anakupotezea muda.

Je, wajua kwamba baraza hilo la kata lina wajumbe wasiopungua 4 wala kuzidi 8, na 3 kati yao lazima wawe wanawake? Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na huko pia 3 ni wanawake. Ukikuta wanaume watupu wamekaa kwenye benchi, una haki ya kuuliza.

Je, wajua kwamba dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12? Aliyevamiwa shamba akanyamaza mpaka mvamizi akapanda migomba, akavuna na kupeleka watoto shule, akija kushtuka mwaka wa 13 atakutana na pingamizi la muda kabla hata ushahidi wake haujasikilizwa.

Je, wajua kwamba ile karatasi ya mauziano ndiyo inayowaponza wengi? Iangalie vizuri. Imechanwa kwenye daftari la mwanafunzi. Juu imeandikwa "Mkataba wa kuuziana shamba", chini kuna dole gumba la muuzaji, majina ya mashahidi watatu na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Mipaka imeelezwa hivi: "kaskazini kwa jirani, kusini mtoni." Hakuna ukubwa wa shamba, hakuna saini ya mke, na hakuna muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Kwa ardhi ya kijiji, idhini ya halmashauri ya kijiji ndiyo nguzo ya mauziano. Muhuri wa kitongoji peke yake hauzibi pengo hilo.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi? Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa jina la mke, la mume, au la wote wawili.

Je, wajua kwamba rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45? Omba nakala ya hukumu kwa maandishi mapema, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo moja imewahi kuokoa rufaa nyingi.

UKOO NA FAMILIA

Je, wajua kwamba moja ya hukumu maarufu kuliko zote kuhusu haki ya mwanamke katika ardhi nchini ilizaliwa hapa hapa Kagera, katika wilaya jirani ya Muleba? Ni shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Agosti 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, maana kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu kuitumia tu maisha yake yote. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikapindua.

Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Hukumu ya Februari 22, 1990 ilisema kanuni hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ambazo mahakama zilianza kuzisimamia mwaka 1988. Mwanamke atauza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Mpwa akapewa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kulipa zile 300,000. Asipolipa, shamba ni la mnunuzi.

Je, wajua kwamba wosia wa mdomo chini ya kanuni za kimila unahitaji mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje? Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unatosha kwa mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Mzee anayenong'oneza kijana mmoja kitandani hajaacha wosia, ameacha ugomvi.

Je, wajua kwamba msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo si mrithi wa mali zote? Ana miezi minne ya kujaza fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha fomu namba 6 ya hesabu ya mgawanyo. Mrithi anayeona miaka inakwenda na kaka yake mkubwa anaendelea kuvuna kahawa peke yake, aende mahakama iliyomteua akaombe aitwe aeleze.

Je, wajua kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi? Ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ila kabla ya kudai talaka mahakamani, kwa kawaida sharti upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa.

MADINI NA FIDIA

Je, wajua kwamba nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ina mwanahisa ambaye ni wewe? Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, na umma ukapata hisa asilimia 16 bila kuzilipia.

Je, wajua kwamba kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinazitaka kampuni za uchimbaji zitumie wakili wa Kitanzania, au kampuni ya mawakili wa Kitanzania yenye ofisi yake kuu nchini? Mgodi mkubwa ukija, kazi ya sheria ni ya wenyeji kwa amri ya kanuni.

Je, wajua kwamba fidia ya ardhi iliyotwaliwa si bei ya shamba pekee? Kuna thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabika. Uthamini wenyewe unaishi miaka miwili tu. Kabla ya kusaini fomu ya mthamini, hesabu mibuni na migomba yako naye mguu kwa mguu, na ubaki na nakala.

Je, wajua kwamba leseni ya uchimbaji mdogo haimpi mchimbaji umiliki wa shamba lako? Madini ni mali ya Jamhuri, lakini ni lazima mchimbaji azungumze na mwenye shamba na kumfidia. Leseni hiyo hutolewa kwa Watanzania tu, kwa miaka 7, na inahuishwa. Biharamulo inalijua somo hili siku nyingi: mgodi wa Tulawaka ulianza mwaka 2005 chini ya Barrick, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la umma, STAMICO.

Je, wajua kwamba mwenye haki ya madini anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuwahudumia wananchi na kukubaliana na halmashauri? Zahanati au kisima cha mgodi si hisani ya meneja. Muulize diwani wako mpango wa mwaka huu unasemaje.

MPAKANI NA BARABARANI

Je, wajua kwamba mama anayevusha bidhaa Rusumo au Kabanga hahitaji wakala wa forodha kwa kila kapu? Bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinapita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani.

Je, wajua kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki nchi mwanachama katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikikiuka Mkataba wa Jumuiya? Lakini ana miezi miwili tu. Wengi hufika mwaka wa pili.

Je, wajua kwamba ukigongwa na lori kwenye barabara ya Rusumo hadi Nyakanazi, bima ya lori inawajibika hata kama dereva ameshavuka kwenda Kigali? Chukua fomu ya matibabu ya PF3 polisi, andika namba ya gari na ya tela, piga picha stika ya bima. Dai la madhara ya namna hiyo lina ukomo wa miaka 3.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya takribani saa 24, wakikimbia kutoka Rwanda? Kambi ya Benaco ikageuka mji. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapo Ngara, na mwaka 1998 Bunge likatunga Sheria ya Wakimbizi inayotumika nchi nzima.

KAZI NA JINAI

Je, wajua kwamba mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Madai mengine ya kazi yana siku 60. Kufungua shauri huko hakulipiwi.

Je, wajua kwamba mtuhumiwa wa kosa lisilo na adhabu ya kifo anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana? Na dhamana ya polisi haiuzwi. Kwa anayeshtakiwa kwa mauaji na hana uwezo, umma ndio unaomlipia wakili.

MAWAKILI NA JAMII

Je, wajua kwamba mawakili vishoka hawavai kofia ya kuwatambulisha? Kabla hujatoa pesa, tafuta jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Chama cha Mawakili Tanganyika kipo tangu mwaka 1954, na Kamati ya Mawakili inapokea malalamiko dhidi ya wakili aliyekula pesa ya mteja. Dai risiti, na dai makubaliano ya ada kwa maandishi.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2021 wakili hakuruhusiwa kukanyaga Mahakama ya Mwanzo kumtetea mteja? Sasa anaruhusiwa pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Katika shauri la madai, mahakama hiyo inaweza pia kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akusemee.

Je, wajua kwamba mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama? Ukisomewa jambo mahakamani usilielewe, nyoosha mkono.

Je, wajua kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria? Hawa ni majirani zako waliopata mafunzo. Wanakuelimisha, wanakuelekeza mlango sahihi, wanasuluhisha. Hawakutetei mahakamani, na hawaruhusiwi kukutoza hata shilingi. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako nani yupo.

Je, wajua kwamba kila mwaka mwishoni mwa Januari, kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, mahakama nchi nzima hufungua Wiki ya Sheria? Mahakimu, mawakili, polisi na maofisa ardhi hukaa chini ya mahema wakijibu maswali bure. Usiende mikono mitupu: beba mkataba wa shamba, hukumu, fomu ya fidia, barua ya kuachishwa kazi. Wakili atakuuliza kwanza tarehe, ndipo akuulize kisa.

Basi, msomaji, usiku wa leo fungua sanduku, toa karatasi zako na uandike pembeni tarehe ya kila moja. Siku 30 za kazi, siku 45 za rufaa ya ardhi, miezi minne ya mirathi, miaka 12 ya shamba. Ukiona zinakaribia kwisha, usingoje mavuno. Nenda kesho asubuhi.