Stroopwafel: Biskuti ya Shira na Hesabu ya Sukari Mwilini

Stroopwafel ni biskuti ya mviringo itokayo Uholanzi, yenye matabaka mawili membamba yaliyoshikanishwa kwa shira nzito. Asili yake ni mji wa Gouda, ambako ilianza kuokwa kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kwa mujibu wa masimulizi, waokaji walikusanya makombo na mabaki ya kazi yao, wakayakoleza kwa shira na kuyauza kwa bei nafuu. Ndiyo maana hapo awali ilijulikana kuwa chakula cha watu wa kipato kidogo.

Kinyunga chake huwa na unga wa ngano, siagi, sukari, mayai na hamira. Huokwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye moto, kisha biskuti hupasuliwa ingali moto na kupakwa shira ya sukari, siagi na mdalasini. Waholanzi huiweka juu ya kikombe cha kahawa au chai ili mvuke ulainishe shira.

Wembamba wake usimpumbaze mlaji. Biskuti moja ya gramu 30 hutoa takriban kilokalori 135, wanga gramu 20 na mafuta gramu 5 hadi 6. Sukari pekee hufikia gramu 10 hivi, kwa kuwa imo katika kinyunga na katika shira pia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima. Biskuti mbili pamoja na chai yenye kijiko cha sukari hufikia kiwango hicho.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kula moja mara chache, mradi aihesabu katika wanga wa mlo wake. Hata hivyo, sukari ya damu inaposhuka, biskuti hii isiwe tiba ya kwanza, kwani mafuta yake huchelewesha ufyonzwaji wa sukari. Vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji hufanya kazi haraka zaidi. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, bali awahishwe hospitali.

Wenye mzio wa ngano, maziwa au mayai wasome kwanza maelezo ya pakiti.