Mlango, si Mfereji: Njia ya Maumivu Mwilini na Suala la Istilahi

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi habari ya maumivu inavyosafiri mwilini, na jinsi uteuzi wa neno moja unavyoweza kumwongoza au kumpotosha msomaji wa sayansi kwa Kiswahili. Tumfikirie mpishi wa Kitengela anayekamulia kachumbari limau ilhali kidole chake kina jeraha. Asidi ikigusa jeraha, mkono huondolewa mara moja. Baina ya kidole na ubongo kumepita habari, na habari hiyo ni umeme.

Umeme wa Neva

Seli ya neva iliyotulia huwa na umeme hasi upande wa ndani, takriban milivolti 70 chini ya upande wa nje. Sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayoila, imejaa zaidi nje na huvutwa kuingia, ila utando wa seli huizuia. Katika utando huo mna protini zenye tundu. Kichocheo kikipandisha umeme wa ndani hadi kizingiti fulani, protini hizo hufunguka na sodiamu huingia kwa wingi. Umeme wa ndani hugeuka kuwa chanya, na badiliko hilo huzifungua protini za jirani. Baada ya muda wa takriban milisekunde moja, zile zilizotangulia hujifunga kwa komeo, na hazifunguki tena mpaka seli itulie. Kwa sababu hiyo ishara husonga mbele wala hairudi ilikotoka. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilifafanua jambo hili mwaka 1952 kwa kuichunguza neva nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na John Eccles.

Milango Tofauti, Kazi Tofauti

Binadamu ana aina tisa za protini hizi. Katika neva za maumivu, aina iitwayo Nav1.7 hukuza vichocheo hafifu hadi vifike kizingitini, ilhali Nav1.8 hubeba sehemu kubwa ya umeme wa ishara yenyewe.

Ushahidi mmoja mzuri unatoka nchini mwetu. Katika ardhi kavu ya Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa, huishi fuko asiye na manyoya. Jennifer Jarvis, aliyewachunguza fuko wa Kenya, alieleza mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja ndiye azaaye, wengine ni watumishi. Mashimo yao yenye msongamano hujaa hewa ya kaboni dioksidi, ambayo huzalisha asidi katika tishu zenye unyevu. Hata hivyo, asidi haiwaumizi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba neva zao huihisi asidi kama zetu. Tofauti imo katika Nav1.7. Sehemu ndogo ya protini hiyo imebadilika, hata asidi yenyewe huifunga kabla ishara haijazaliwa. Kinachotuchoma sisi huwatia wao ganzi.

Je, kutohisi maumivu ni baraka? Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya familia tatu za kaskazini mwa Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa na Nav1.7 isiyofanya kazi. Mvulana mmoja alikuwa akijichoma visu na kukanyaga makaa mbele ya watazamaji. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka paani. Maumivu, basi, ni mlinzi.

Mlinzi huyo aweza kupumzishwa kwa muda. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno hupeleka lignokaini, ambayo huziba tundu za sodiamu pale ilipodungwa. Mnamo Januari 2025, Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa inayoilenga Nav1.8 pekee.

Suala la Istilahi

Jina la Kiingereza la protini hizi lina maana ya mfereji, na mfasiri mwenye haraka atalifuata neno kwa neno. Lakini mfereji hupitisha maji wakati wote. Hauchagui, haungoji, wala haujifungi. Protini hii hufanya yote matatu. Aidha, Kiswahili kimekwisha kutuandalia njia: tangu zamani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huitwa milango ya fahamu. Kusema kwamba ndani ya mlango mkubwa mna milango midogo ya sodiamu ni kuendeleza fikira ambayo msemaji anayo tayari.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza istilahi "mlango wa sodiamu". Mwanafunzi wa Laiser Hill au wa Kajiado mjini akilisikia jina hilo, atauliza mara moja: nani huufungua, na nani huufunga? Maswali hayo ndiyo msingi wa somo lenyewe. Istilahi inayomfanya msomaji aulize swali linalofaa imekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwalimu.