Kuchagua Sponji ya Kutia Katika Mashua ya Zamani

Huenda mtastaajabu kusikia habari za mashua katika nchi yetu ya vilima, ng'ombe na mashamba. Lakini Ziwa Basotu liko huko Hanang, na Ziwa Babati si mbali sana. Na vijana wetu wengine hufuata riziki ya uvuvi hata Mwanza. Mtu wa namna hiyo aghalabu hana fedha za mashua mpya. Hununua iliyokwisha kutumika, akabadili mbao mbovu, akatia kalafati na rangi, na mwisho akafikia mito ya kukalia na sponji iliyojazwa chini ya vikalio. Hapo husema, "Hii ni kazi ndogo," akaenda dukani kukata godoro lolote. Basi kazi hiyo si ndogo, maana siku mashua itakapopinduka, mto ule huenda ukawa ndicho kitu cha kwanza kushikwa na mkono wake.

Zamani magodoro mengi yalijazwa usufi, na hata majaketi ya kuokolea watu majini yalijazwa usufi vile vile, kwa sababu kila uzi wake una uwazi ndani, na juu yake una nta inayozuia maji. Sponji ya leo ni kitu kingine. Asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937, waliovumbua poliyurethani. Baadaye watu wakajua kuiumusha kama unga wa mkate. Na kama mkate, sponji imejaa vijumba vidogo vya hewa.

Siri yote i katika vijumba hivyo. Katika sponji ya godoro vijumba vina milango, hewa hupita toka kimoja hata kingine. Ndiyo sababu ni laini, na ndiyo sababu hunywa maji. Katika aina ya pili kila kijumba kimezibwa peke yake. Mfano wake ni ndala. Wavuvi hukata ndala kuukuu wakazifanya maboya ya nyavu, nazo huelea siku nyingi, kwa kuwa maji hayana njia ya kuingia.

Tufanye hesabu. Mto wenye urefu wa meta 1, upana wa sentimeta 40 na unene wa sentimeta 10 una nafasi ya lita 40. Ukiwa wa vijumba vilivyozibwa, nao ukawa na uzito wa kilo 1 na kitu, utaweza kuinua majini kilo 38 hivi. Watu wazima walio wengi huhitaji msaada wa kilo 3 hata 6 tu ili kichwa kikae juu ya maji. Kwa hiyo mto mmoja huweza kuwashikilia watu kadhaa. Lakini mto ule ule ukiwa wa sponji ya godoro, na hewa yote ikatoka, huingiza maji ya kilo zaidi ya 38, wala haumwinui mtu.

Jambo linalodanganya ni kwamba sponji kavu ya godoro huelea kwanza. Meli Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, baadhi ya waliookoka walikutwa wameshikilia magodoro. Hewa ilikuwa ingalimo. Mto uliokaa mwaka mzima katika mashua, ukinyeshewa na kulowa, hauna akiba hiyo.

Ukiwa dukani, weka kipande mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita upande wa pili, hiyo ni sponji ya godoro. Kisha omba kipande kidogo, nyumbani ukizamishe katika ndoo kwa jiwe usiku kucha, ukikamue asubuhi. Mwenye duka atakubonyezea kwa kidole akisema, "Tazama ilivyo ngumu!" Usimsikilize sana, ugumu si uimara. Pima uzito. Kipande cha meta 1 kwa meta 1, chenye unene wa sentimeta 10, ukizidisha kilo zake mara 10 utapata uzito wa meta moja ya ujazo. Kwa sponji za namna moja, iliyo nyepesi mno hubonyea na kubaki bapa upesi.

Iko na ile nyeupe ya punje punje, ambayo televisheni hufungiwa ndani yake. Huelea vizuri, na wengi huiokota bure. Lakini petroli huiyeyusha, na mashua ya injini haikosi petroli iliyomwagika. Usiiweke humo.

Tena, fungua chini ya vikalio. Ikiwa mashua imekuwa nzito na kukaa chini majini pasipo sababu, kata kipande cha sponji ya zamani kutoka chini kabisa ukikamue. Kikitoa maji, toa yote, acha mbao zikauke kabla ya kujaza mpya. Usipofanya hivyo utakuwa umefungia uozo ndani.

Kwa mto wa kukalia, mimi napendelea tabaka mbili: chini inchi 3 za vijumba vilivyozibwa, na juu inchi 1 ya sponji laini, kwa ajili ya mifupa ya mwenye kukaa. Kata sponji izidi kidogo kipimo cha mfuko, ili mfuko usilegee. Mfuko uwe wa turubai, ushonwe kwa uzi wa nailoni, maana uzi wa pamba huoza, na upande wa chini uwe na matundu ya kutolea maji. Uufunge kwa kamba fupi unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Jaketi la kuokolea livaliwe vile vile, kwa kuwa aliyezimia hawezi kushika mto. Na wanaovua dagaa usiku waweke karabai mbali na mito hiyo: poliyurethani hushika moto upesi sana, na moshi wake ni sumu.