Namba 115: Usafiri wa dharura kwa wajawazito wa vijijini na machimboni

MJAMZITO anapopata dharura usiku katika kijiji cha Kishapu au machimbo ya Lwamgasa, mkoani Geita, adui wa kwanza ni umbali. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa Aprili 2022, unajibu tatizo hilo kwa simu ya kawaida. Mpigaji anapiga 115 bila malipo. Mhudumu aliyefunzwa anauliza dalili, anachagua kituo kinachofaa na kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kupitia simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Kiuchumi, hesabu yake ni rahisi. Halmashauri hailazimiki kununua gari kwa kila kijiji, bali inalipia safari iliyofanyika. Dereva anapata kipato, na familia haiuzi mbuzi usiku kwa bei ya kutupa.

Wakati wa Uviko-19, namba 199 ya Wizara ya Afya ilipokea maswali ya wananchi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa dharura hiyo imekwisha, lakini somo limebaki: huduma isiyohitaji intaneti inawafikia wengi zaidi.

Hata hivyo, ukanda wa dhahabu una tatizo lake. Habari za dhahabu mpya zikivuma, watu humiminika porini na kambi huota ndani ya siku chache. Orodha ya madereva inayofuata vijiji haiwezi kwenda na kasi hiyo. Viongozi wa wachimbaji wadogo wanapaswa kuhusishwa ili kila kambi iwe na dereva anayejulikana.

Fedha zinaweza kupatikana. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inataka migodi ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii. Sehemu ya mpango huo ingelipia safari hizi. Dereva asipolipwa kwa wakati leo, kesho hatapokea simu.

Msomaji mwenye mjamzito nyumbani aihifadhi namba hiyo sasa, kabla uchungu haujaanza.