Nguo ya ndani isikukate pumzi

Joto la Januari hadi Machi likizidi Mombasa, akina mama huvaa rinda jepesi. Lakini rinda hilo huonyesha kila mkunjo wa mwili, na wengine hujifunga nguo ya kubana tumbo kutwa nzima.

Kupenda kupendeza si kosa. Taabu ni kubana kupita kiasi. Nguo inayokaza kiuno hulisukuma tumbo, asidi ikapanda kifuani na kuleta kiungulia, hasa baada ya mlo. Ikikaza kinenani, huweza kukandamiza neva ya upande wa nje wa paja. Paja hufa ganzi au huchoma kama moto, na mtu akadhani ana ugonjwa wa mgongo. Nailoni nayo huzuia jasho kukauka, zikaja harara na ukungu.

Nunua saizi yako ya leo. Ndogo haipunguzi unene, huutokeza tu juu ya lastiki. Ijaribu juu ya chupi yako: keti, inama, kisha vuta pumzi ndefu. Ukishindwa na moja, irudishe. Sehemu ya katikati ya mapaja iwe ya pamba. Rangi ikaribie ya ngozi yako, kwani nyeupe huonekana chini ya kitambaa chepesi. Mara nyingi shimizi au kaptura laini yatosha.

Mja mzito asijibane. Nawe ufikapo nyumbani, ivue. Ganzi isipokwisha, mwone daktari.