Mstari wa Nyakati katika Nyumba ya Makumbusho

Wazee wetu walihesabu miaka kwa mambo yaliyotukia: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa vita. Hesabu hiyo hutuambia lililotangulia na lililofuata, lakini haituonyeshi umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. Ndiyo sababu watunzaji wa vitu vya kale hupenda kuchora mstari wa nyakati, wakivipanga vitu vyao juu yake.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Joseph Priestley, mwalimu wa Uingereza, ambaye mwaka 1765 alitoa chati ya maisha ya watu wapatao 2,000. Kila mtu alimpigia mstari wenye urefu kadiri ya umri wake, na kila karne aliipa nafasi iliyo sawa na ya nyingine. Tena, pasipojulikana hakika mwaka wa kuzaliwa au wa kufa, alitia nukta nukta badala ya mstari kamili.

Shaka ya namna hiyo haikosi katika makumbusho. Na tutazame meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama Mombasa mwaka 1697, wakati Ngome ya Yesu ilipozingirwa na Waomani. Wapiga mbizi waliichunguza tangu 1977 hata 1980, na vitu vilivyoopolewa viliwekwa katika makumbusho ya Ngome hiyo. Je, bakuli iliyotoka humo tuiweke mwaka gani? Ilifinyangwa mwaka mmoja, ikapakiwa mwingine, ikazama 1697, ikaopolewa miaka karibu 300 baadaye. Mwaka wa kuzama twaujua. Wa kufinyangwa pengine twaukisia tu. Mwanafunzi akionyeshwa nukta moja bila maelezo, huondoka akidhani kwamba yote yajulikana.

Basi twaonelea mambo matatu yafaa kushikwa. Kwanza, mstari utaje wazi ni wakati gani unaopimwa: wa kufanywa kitu, wa kutumiwa, au wa kupatikana. Pili, penye makisio pachorwe utepe mpana, mwanzo hata mwisho wa makisio hayo. Tatu, nafasi tupu iachwe tupu, lakini ielezwe. Maana mtazamaji akiona pengo la karne nzima asidhani hapakuwa na watu. Huenda walijenga kwa miti na makuti, navyo vikaoza. Au vitu vyao vingali chini ya ardhi, havijachimbuliwa.