Fahamu: Kijiji cha wastaafu wenye nguvu ni nini?

Mtumishi wa umma nchini Kenya kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60, na wengi wa umri huo bado hudandia matatu za Thika Road bila kushikwa mkono. Hao ndio wanaolengwa na kijiji cha wastaafu: nyumba ndogo ndani ya ua mmoja, walinzi getini, fundi wa bomba, majirani wa rika moja. Si makao ya wazee. Katika Nyumba ya Wazee kule Kasarani, masista wa Kikatoliki huwatunza wasiojiweza. Kijijini mtu hujipikia na kuendesha gari lake.

Marekani, kijiji cha aina hii, Sun City kule Arizona, kilifunguliwa mwaka 1960. Afrika Kusini wengi hununua haki ya kuishi kijijini hadi kufa, si nyumba yenyewe. Ruiru na Thika, ambako pesa za kustaafu hukimbilia ploti na nyumba za kupangisha, mpango usiowaachia watoto hati utauzika kwa shida, na sioni ubaya wa wasiwasi huo.

Kizingiti kingine ni pesa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo si ada ya mtaa wenye geti.

Ukipelekwa kuona nyumba, anzia bafuni: kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Kisha uliza nani hupandisha ada ya mwezi, na ukivunjika nyonga utabaki au utahamishwa.